Posho Ilikuwa Chakula: Historia Fupi ya Tunachobeba Safarini

Wiki ya tatu ya Desemba, Kariakoo haipitiki. Kila mtu anatafuta kitu cha kupeleka nyumbani: kitenge cha mama, viatu vya watoto, redio ya babu, sukari mfuko mzima. Na wewe umo humo humo, begi moja mgongoni, jingine umempa kijana wa mkokoteni. Sasa swali dogo tu: katika vyote ulivyonunua, kipi ni cha kwako kula njiani?

Kwa wengi wetu jibu ni hakuna. Tuna hela, tutanunua mbele ya safari. Huko mbele ni dakika chache za basi kusimama, chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya tangu alfajiri, soda na biskuti. Ukifika gesti usiku jiko limeshafungwa, unamalizia biskuti. Siku ya tatu tumbo linaanza kudai maelezo.

Ungeweza kusema hili ni jambo la afya tu, tuorodheshe vyakula vitano tumalize. Orodha ipo, tutaifikia. Ila kwanza nataka tukae kidogo kwenye historia, kwa sababu swali la "utakula nini njiani" limewahi kuwa swali la kufa na kupona hapa hapa ulipokuwa unasukumana na watu. Limeandikwa hata kwenye jina la mtaa.

Maneno mawili ya ofisini

Anza na maneno. Mtumishi wa umma akisafiri kikazi leo, anaomba masurufu, na anaporudi anatakiwa kuyarejesha kwa stakabadhi. Semina ikiisha, watu wanauliza: posho je? Yote mawili ni pesa. Ukimwambia mhasibu kwamba umekuja kuchukua masurufu na umebeba kikapu, atadhani unatania.

Lakini fungua kamusi za zamani za Kiswahili. Masurufu yanaelezwa kama vyakula na mahitaji ya safari. Posho ni chakula cha kutwa anachopewa mtu aliye kazini au safarini. Na lipo neno la tatu ambalo vijana wengi hatulijui kwa maana hiyo: pamba, yaani chakula anachofungasha msafiri.

Ukivuka mpaka utaona neno posho limechukua njia nyingine. Uganda, posho ni ugali wenyewe. Kenya, mashine ya kusaga nafaka huitwa posho mill. Neno moja, nchi tatu: kwa mmoja ni sahani, kwa mwingine ni mashine, kwetu ni bahasha. Lilianzia wapi? Lilisambazwa na misafara.

Kibaba kimoja kwa siku

Karne ya 19, mzigo uliotoka Ujiji au Tabora kwenda Bagamoyo ulisafiri kwa mabega ya watu. Sababu kubwa ilikuwa ya kibiolojia: mbung'o. Vimelea anavyoeneza husababisha nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe, farasi na punda katika maeneo makubwa ya bara. Palipo na mbung'o, mnyama wa mizigo hafiki. Basi wakafika Wanyamwezi, Wasukuma, Waswahili wa pwani na wengine wengi, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 hivi, kama kilo 27.

Posho ya mpagazi ilikadiriwa kuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani karibu robo tatu ya kilo. Lakini hapa kuna jambo linalofurahisha: mara nyingi msafara haukubeba hiyo nafaka. Mpagazi alipewa kitambaa, kilichopimwa kwa shuka na doti, au shanga, naye akanunua chakula vijijini. Kwa hiyo posho ilikuwa imekaa katikati ya chakula na pesa tangu zamani. Hatukuibadilisha jana.

Mfumo huu ulifanya kazi kwa sababu tatu. Kwanza, njiani kulikuwa na watu waliolima ziada na kuiuza. Pili, wapagazi walijigawa katika vikundi vidogo vya kupika na kula pamoja, kila kikundi na chungu chake, wakajua wao wenyewe nani apike nini na kwa muda gani. Tatu, walikuwa na sauti. Posho ikipunguzwa, waliketi chini na msafara haukwenda. Nafaka ya siku kadhaa ilibebwa pale tu palipokuwa na lazima, kama kwenye Marenga Mkali, nyika isiyo na maji kabla ya kuingia Ugogo.

Shika mambo hayo matatu: chakula cha njiani, chungu chako, na haki ya kukataa. Tutaona yakiondolewa moja moja.

Hesabu ya mpagazi

Hebu chukua kalamu. Mtu anabeba kilo 27 za unga. Anakula, tuseme, kilo 1 kwa siku. Njiani hakuna cha kununua. Je, anaweza kuufikisha unga huo umbali gani?

Kama kituo kiko siku 5, atakula kilo 5 kwenda na kilo 5 kurudi. Atakabidhi kilo 17. Si mbaya. Kama kiko siku 10, atakula 20, atakabidhi 7. Kikiwa siku 13, atakabidhi kilo 1. Siku ya 14 hesabu inakataa: mzigo wote hautoshi hata kumlisha yeye mwenyewe kwenda na kurudi.

Hii si hesabu ya mjanja wala mzembe. Ni sheria ya nishati. Mashine yoyote inayobeba mafuta yake ina mwisho wa safari, iwe lori, roketi au binadamu. Misafara ilikwepa ukuta huo kwa kununua chakula njiani. Sasa fikiria jeshi zima linaingia kwenye nchi ambayo maghala yake yamekwisha kubebwa.

Kariakoo

Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Upande wa magharibi wa mji, kwenye kitongoji walichokipanga Wajerumani kwa ajili ya Waafrika, walikuta jengo la soko lililojengwa na Wajerumani karibu na vita kuanza. Eneo hilo likafanywa kambi ya wapagazi wa kijeshi. Kwa Kiingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Mdomo wa Mswahili ukafanya kazi yake: Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa wenye asili hiyo hiyo, Kariokor.

Kutoka hapa na bandari ya Kilwa, vita vilihamia kusini, kuelekea Rufiji. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walibomoa madaraja ya reli. Farasi na nyumbu wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Mvua za mwanzo wa 1917 zilikuwa kubwa kupita kawaida. Rufiji ikafurika, malori yakazama kwenye tope. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu, na hesabu tuliyoifanya hapo juu. Vijijini hakukuwa na cha kununua, maana majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na vijana wa kulima. Ugogo, njaa iliyofuata iliua maelfu na ina jina lake hadi leo: Mtunya.

Wapagazi wengi wa kikosi hiki hawakujiajiri kama wale wa misafara. Walikamatwa, au walitolewa na machifu walioamriwa kutoa idadi fulani. Hawakuchagua chakula. Mtu aliyekulia kwenye ndizi, aliyekulia kwenye wali, aliyekulia kwenye ulezi, wote walipewa unga wa mahindi. Hawakuwa na chungu cha kutosha, hawakuwa na kuni kavu kwenye mvua, na hawakuwa na muda, kwa sababu walifika kambini giza limeingia na waliondoka kabla ya jua. Haki ya kukataa haikuwepo kabisa.

Takwimu rasmi za Waingereza zinataja vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao. Wanahistoria waliozichambua baadaye, wakiongeza waliopotea na waliofia njiani kurudi kwao, wanakaribia 100,000. Risasi iliua wachache kati yao. Wengi waliuawa na magonjwa, na kinara alikuwa tumbo la kuhara.

Unga uliua vipi?

Hapa ndipo sayansi inaposaidia. Unga wa mahindi si sumu. Wewe na mimi tumekua kwa huo. Tatizo lilikuwa kinachotokea kati ya gunia na mdomo.

Wanga kwenye mahindi umefungwa ndani ya chembe ngumu ndogo sana. Ukizipasha ndani ya maji, zikafika nyuzi joto 62 hadi 72 hivi, zinafyonza maji, zinavimba na kupasuka. Ndiyo maana ugali unakuwa mzito ghafla mkononi. Baada ya hapo vimeng'enya vya tumboni vinaweza kuukatakata wanga kuwa sukari. Baadhi ya chembe ambazo hazikupasuka hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, zinafika utumbo mpana, na huko bakteria wanasherehekea: gesi, maumivu, kuhara. Unga wenyewe ulikuwa wa kusagwa vibaya, wenye pumba ngumu, na ulipikwa nusu nusu. Juu ya hapo, maji ambayo hayakuchemka vizuri yalibeba vijidudu vya kuhara damu. Mtu akila kilo nzima huku akihara, amekula kidogo sana. Na kesho yake anabeba mzigo ule ule.

Madaktari wa jeshi waliliona hili. Walidai wapishi maalumu, vyungu vikubwa, muda wa kupika, na chakula kinachofanana na kile mtu alichozoea kwao. Pale walipopata, hali iliboreka. Neno "vitamini" lenyewe lilikuwa changa bado, lilibuniwa na Casimir Funk mwaka 1912. Wengi waliopanga mgao wa chakula walikuwa wanahesabu uzito tu.

Kwa hiyo funzo la kwanza la Kariakoo ni hili: chakula cha safari hakipimwi kwa kilo. Kinapimwa kwa kile kitakachofika ndani ya damu yako, ukizingatia moto, maji na muda utakaokuwa nao huko uendako.

Tende na papa

Wakati bara likihangaika, pwani ilikuwa na elimu yake ya miaka mingi. Upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ulileta majahazi kutoka Omani na Hadhramaut. Ndani yake kulikuwa na tende na papa mkavu. Safari ya majuma kadhaa, joto la bahari, bila friji. Kwa nini havikuoza?

Kwa sababu kinachoozesha chakula si joto peke yake. Ni maji huru, maji ambayo bakteria na kuvu wanaweza kuyachukua na kuyatumia. Wanasayansi huyapima kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 1. Maji matupu ni 1. Bakteria wengi hushindwa kuzaliana chini ya 0.9. Kuvu wengi hufika hadi karibu 0.7. Chini ya 0.6 hakuna anayezaliana. Tende ina unyevu, ukiibonyeza unauona, lakini sukari imeyashika maji yake. Papa, chumvi imefanya kazi hiyo. Bisi, karanga za kukaanga, kashata, makopa ya muhogo: kila moja ni njia ya kuondoa maji au kuyafunga.

Sasa fikiria wali wa nazi ndani ya hotpoti. Una maji huru tele. Tena kwenye mchele huwa kuna mbegu za bakteria aitwaye *Bacillus cereus*, ambazo kuchemsha hakuziui. Zinangoja. Chakula kikishapoa chini ya nyuzi 60 zinaamka, na baadhi zinatengeneza sumu ambayo hata ukipasha upya haiondoki. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida. Joto la kawaida la Dar Desemba unalijua. Mimi niliwahi kubeba pilau langu mwenyewe kwenda Mbeya, nikaligusa tena jioni kwa sababu kulitupa niliona dhambi. Usiku ule sikulala, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

Ukavu nao una masharti. Karanga au mahindi yaliyokaushwa nusu, au yaliyonyeshewa baada ya kukauka, hupata kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haionekani wala haifi kwa kupikwa. Kwa hiyo unaponunua karanga Kariakoo, chagua zisizokunjamana, zisizo na ukungu wala uchungu. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme, usijikaze.

Reli, Saranda, na mfuko wa hela

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Baada ya vita, treni ndiyo iliyoua kazi ya upagazi, na ikarudisha sharti la kwanza la misafara: chakula njiani. Kila stesheni ikawa na cha kwake. Saranda, mkoani Singida, imejulikana miaka na miaka kwa wali na kuku wanaopitishwa dirishani. Mama anayekuuzia pale ni mjukuu wa utaratibu ule ule wa kijiji kumlisha msafiri.

Basi likaja, mwendo ukaongezeka, vituo vikapungua. Hapo ndipo posho na masurufu yalipomalizika kugeuka pesa, na sisi tukaacha kufungasha. Si kwamba ni vibaya. Pesa haiozi na haina uzito. Lakini pesa inanunua kilichopo tu. Ukishuka dakika 15 na kilichopo ni chipsi na soda, uhuru wako wa kuchagua umeishia hapo.

Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa saa chache. Kwa safari hiyo hata wali wako una nafasi ya kufika salama ukiondoka nao wa moto. Kwa Kigoma, Bukoba au Songea kwa basi, hapana. Muda ndio unaoamua.

Haya, ufungashe nini?

Gawa kwa saa, siyo kwa hamu.

*Saa 2 za kwanza:* chochote cha moto ulichopika. Kula mapema, usikitunze.

*Siku ya kwanza:* chapati kavu, viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake. Kuchemsha huondoa utando unaolinda yai, kwa hiyo yai bichi linakaa zaidi ya la kuchemsha. Yasilale.

*Safari nzima:* vyenye ganda lake na vikavu. Ndizi, machungwa, parachichi ambalo halijaiva sana, na maembe, huu ndio msimu wake. Korosho, karanga, tende, dagaa wa kukaanga wakavu kabisa. Matunda ya kumenya ni bora kuliko yaliyokatwa na kufungwa, kwa sababu ganda ndilo kifungashio na wewe ndiye wa kwanza kulifungua. Rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tafuta kikapu au makopo yenye mfuniko; karanga zikipata unyevu wa ndizi, umeharibu vyote.

*Hotelini au gesti:* ukikuta birika la umeme una nusu ya jiko, ila usirudie kosa la 1917. Unga wa uji uliomwagiwa maji ya moto kikombeni siyo uji. Maji yanapoa kabla chembe za wanga hazijapasuka vizuri, na tumbo litakwambia. Oti za dukani zinafaa kwa sababu zilishapikwa kwa mvuke kiwandani. Ukitaka uji wa ulezi, omba jikoni, mara nyingi watakupikia. Na matunda ya kula na ganda yaoshe kwa maji salama, siyo kwa yale ya bombani usiyoyajua.

Gharama? Piga mwenyewe hesabu ya karanga, ndizi na mayai ya Kariakoo dhidi ya milo miwili ya barabarani. Utashangaa.

Ukipita Posta

Kabla hujaondoka, kama una shughuli Posta, simama kidogo pale Samora inapokutana na Azikiwe. Sanamu la Askari lipo hapo tangu 1927. Maandishi yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawakumbuka askari pamoja na wapagazi. Ila angalia juu: ni askari mmoja na bunduki yake. Nairobi walau wamemsimamisha mpagazi kati ya watu watatu. Dar es Salaam mpagazi amebaki chini ya miguu.

Lakini ukiwaza vizuri, mpagazi wa Dar es Salaam ana kumbukumbu kubwa kuliko sanamu. Ana mtaa mzima, na kila kondakta wa daladala anamtaja siku nzima bila kujua: Kariakoo, Kariakoo, Kariakoo. Ni jina la watu waliobeba chakula cha wengine, wakafa kwa sababu ya kile walichopewa wao.

Wewe una walichonyimwa: chakula cha kuchagua, jiko lako, na haki ya kusema hiki sili. Kabla kijana wa mkokoteni hajafika stendi, mwambie asimame kidogo kwenye meza ya karanga.